Mwamba ngoma asiachiwe kuisoma sheria peke yake

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii hufundishwa mwaka nenda mwaka rudi katika madarasa yetu, na wanafunzi huieleza kwa mifano ya chama cha ushirika, ya urithi, ya wanasiasa wanaogawa fedha za basari. Ni nadra kuisikia ikitumiwa kueleza sheria, ilhali huko ndiko inakofaa kuliko kwingine kote. Bunge likishapitisha sheria, huikabidhi wizara, tume au mamlaka fulani iitekeleze. Ofisi hiyo haina budi kuisoma kwanza. Na kila ifikapo penye neno linaloweza kuvutwa huku na huku, mikono yake huelekea upande wake. Si lazima iwe kwa nia mbaya. Afisa mwaminifu kabisa, mwenye kazi nyingi na fedha haba, ataona katika kifungu ruhusa ambayo mtu wa nje haioni kamwe.

Basi ni nani mwenye neno la mwisho juu ya maana ya sheria: ofisi inayoitekeleza, au mahakama?

Wapo watakaosema kwamba hili ni gumzo la mawakili wa Nairobi, lisilomhusu mwalimu wala mwanafunzi wa huku kwetu. La hasha! Kutoka Rongo hadi Isebania, na kwa majirani zetu wa Homa Bay hadi Rusinga na Mfangano, swali hili limekwisha kuingia darasani, likashika chaki na kufundisha. Liliingia kwa jina la mwalimu mwanagenzi.

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Mapema mwaka 2023 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 walianza masomo ya Sekondari Msingi, na walimu hawakutosha. Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ilichukua maelfu ya walimu kwa mkataba wa uanagenzi. Aliyepelekwa Sekondari Msingi aliahidiwa posho ya sh20,000 kwa mwezi, na wa shule ya msingi sh15,000, kabla ya makato. Mchukulie mmoja wao aliyepelekwa shule ya mashambani huko Nyatike. Amehitimu chuoni, amesajiliwa na tume, ana nambari yake. Anafundisha Hisabati, na kwa kuwa hakuna mwingine, anafundisha Sayansi pia. Anasahihisha madaftari, anaandaa ripoti za muhula, anashika zamu. Kodi ya chumba hailipwi kwa uanagenzi, wala mwenye duka hauzi unga kwa bei ya mwanagenzi. Kwa jina huyu alikuwa akijifunza kazi. Kwa hakika ndiye aliyekuwa akiifanya.

Je, tume ilikuwa na mamlaka ya kufanya hivyo? Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010 kinaitajia TSC kazi zake. Tukisome kama tunavyowasomesha wanafunzi wetu kifungu cha ufahamu. Kinaanza kwa kusema kwamba tume itawasajili walimu waliohitimu. Kisha kinasema itawaajiri walimu waliosajiliwa. Halafu kinasema itawapangia kazi katika shule za umma walimu walioajiriwa na tume. Kuna hatua tatu hapo, na kila moja imeshikana na iliyoitangulia. Mwanagenzi wetu wa Nyatike amesajiliwa. Na kazi katika shule ya umma amepangiwa. Lakini ile hatua ya katikati, ya kuajiriwa, imerukwa. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili akiulizwa mwanagenzi anaingia wapi katika kifungu hiki, nadhani ataduwaa kidogo, kisha ajibu kwamba haoni mahali pake.

TSC yenyewe haikuduwaa. Ilikisoma kifungu hicho, pamoja na sheria yake ya mwaka 2012, ikaona ndani yake nafasi ya uanagenzi. Shirika moja la kutetea utawala bora na haki za binadamu likaenda mahakamani. Tarehe 17 Aprili 2024, Jaji Byram Ongaya wa Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Leba aliamua kwamba tume haina mamlaka ya kisheria ya kuchukua wanagenzi. Kwamba kazi yake ni kuajiri walimu waliosajiliwa. Na kwamba kumfanya mwanagenzi mtu aliyekwisha kuhitimu na kusajiliwa ni kumnyima haki yake ya kutendewa sawa kazini.

Wengi waliishangilia hukumu hiyo kwa sababu ya mshahara, na nani awalaumu? Mimi nataka tuitazame kwa sababu nyingine. Mahakama haikuiuliza TSC: je, wewe waielewaje sheria yako? kisha ikapokea jibu na kufunga kitabu. Ilikifungua kitabu yenyewe. Sisi walimu tunalijua jambo hili kuliko mawakili. Mtahiniwa hasahihishi karatasi yake mwenyewe, hata awe hodari na mwaminifu namna gani. Aweza kueleza alichokusudia, na mtahini mwema atamsikiliza. Lakini alama hutolewa na mwingine.

Upo upinzani wa haki ambao haifai kuupuuza. Wanaoitetea ofisi husema kwamba jaji hajui idadi ya walimu wanaohitajika Kuria Mashariki, wala fedha zilizomo katika hazina, wala jinsi mtaala mpya ulivyoziweka shule katika dhiki. Husema kwamba tume ina wataalamu waliokaa na shughuli hizi miaka mingi, na kwamba jaji anayewapindua kwa kusoma maneno matatu ya sheria anaweza kuvuruga elimu ya watoto. Aidha wanauliza: wanagenzi wakifukuzwa kesho kwa sababu mikataba yao imeonekana kuwa haramu, nani atafundisha?

Hoja hii ina uzito, lakini imechanganya mambo mawili. Kujua ni walimu wangapi wanaohitajika ni utaalamu, na mahakama ina wajibu wa kuwasikiliza wenye utaalamu huo kwa heshima. Kujua neno “kuajiri” lina maana gani katika Katiba si utaalamu wa tume. Upungufu wa fedha ni tatizo kubwa, tena la kweli, ila haujapata kuwa kamusi. Ofisi ikiona sheria haiitoshi, mlango wa Bunge uko wazi. Iende ikaombe fedha au ikaombe sheria irekebishwe, mchana kweupe, wananchi wakisikia. Ikiruhusiwa kuirekebisha kwa kuisoma upya faraghani, Bunge litakuwa limenyang'anywa kazi yake bila hata kujua.

Mawazo haya hayakuanza jana. Kwa miaka mingi mahakama zetu zilifuata utaratibu uliorithiwa kutoka Uingereza, wa amri tatu: ya kubatilisha uamuzi, ya kuzuia jambo lisitendwe, na ya kuilazimisha ofisi itimize wajibu. Mwaka 1997 Mahakama ya Rufaa ilizieleza amri hizo kinaganaga katika kesi iliyohusu Baraza la Mitihani la Kenya, kesi ambayo hadi leo wanafunzi wa sheria hawamalizi masomo bila kuisoma. Ilieleza kwamba mahakama yaweza kuilazimisha ofisi itimize wajibu wake, lakini haiwezi kuishika mkono na kuielekeza namna ya kuutimiza. Mwaka 2002, katika kesi ya Baraza la Manispaa ya Mombasa, mahakama hiyo ikasisitiza kwamba kinachopitiwa ni njia iliyofuatwa kufikia uamuzi, wala si uzuri au ubaya wa uamuzi wenyewe.

Wako waliolielewa fundisho hilo vibaya, wakadhani kwamba ofisi ikiita watu, ikawasikiliza na kutia muhuri, basi imemaliza. Sivyo. Kukosea sheria ni kukosea njia. Mahakama Kuu ya Uganda ililiweka jambo hili vizuri mwaka 2008 katika kesi ya Pastoli dhidi ya Halmashauri ya Wilaya ya Kabale, kesi ambayo majaji wa Kenya wameirejelea mara nyingi: mwenye mamlaka akiielewa sheria kombo wakati wa kufanya uamuzi, uamuzi huo ni haramu.

Katiba ya 2010 ililitoa jambo hili katika vitabu vya mawakili na kulikabidhi kwa mwananchi. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka, kwa ufanisi, kwa kufuata sheria na kwa haki. Bunge likaongeza sheria ya utekelezaji mwaka 2015, na kifungu chake cha 7 kinataja bayana kwamba mahakama yaweza kupitia uamuzi uliotolewa na asiye na mamlaka, au uliopita mipaka ya mamlaka, au ulioathiriwa pakubwa na kosa la kisheria. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba tafsiri ya ofisi ndiyo itakayoshinda neno likiwa na utata.

Marekani, taifa ambalo husifiwa sana kwa mahakama zake, lilichukua miaka 40 kufika hapo. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya huko iliamua, katika kesi ya kampuni ya mafuta ya Chevron, kwamba sheria ikiwa na utata na tafsiri ya ofisi ya serikali ikiwa yenye mantiki, majaji waifuate hata kama wao wangeisoma vingine. Tarehe 28 Juni 2024 mahakama hiyohiyo iliutupilia mbali mwongozo huo. Kesi iliyouangusha, Loper Bright, ilitoka kwa wavuvi. Ofisi ya uvuvi ilikuwa imewataka wenye mashua kumlipa mwangalizi anayepanda pamoja nao kuhesabu samaki, ingawa sheria haikusema wazi kwamba gharama hiyo ni yao katika uvuvi wa aina ile. Nadhani mvuvi wa Mbita hahitaji mkalimani kuielewa kesi hiyo.

Hata hivyo, tusiige kila kelele za huko. Marekani wako walioushangilia uamuzi huo kwa matumaini kwamba majaji sasa wataziangusha kanuni za afya na mazingira zinazowakera wenye viwanda. Kusoma sheria kwa macho yako mwenyewe hakuna maana ya kusoma dhidi ya serikali. Mfano mzuri uko papa hapa Migori, katika mashamba ya tumbaku.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ilipitishwa mwaka 2007. Desemba 2014 Waziri wa Afya alichapisha kanuni chini ya sheria hiyo. Mojawapo iliwataka watengenezaji na waagizaji wa bidhaa za tumbaku walipe mchango wa asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kila mwaka katika hazina ya kudhibiti tumbaku. Nyingine ziliwawekea maafisa wa umma mipaka ya kukutana na kampuni hizo. Kampuni ya British American Tobacco ilikwenda mahakamani mwaka 2015. Ilidai, pamoja na mengine, kwamba mchango huo ni kodi iliyovishwa joho jingine, na kwamba waziri hana mamlaka ya kutoza kodi kwa kanuni. Hilo ni swali lilelile la mwamba ngoma. Mahakama Kuu ilitoa hukumu Machi 2016, Mahakama ya Rufaa Februari 2017, na Mahakama ya Juu tarehe 26 Novemba 2019. Zote ziliisoma sheria zenyewe, zikakuta kwamba mchango huo ulikuwa umetajwa ndani ya sheria ya Bunge, na kwamba si kodi. Kampuni ikashindwa. Hapo ofisi ilikuwa imesoma sawasawa, na baada ya hukumu kanuni zake zikawa na nguvu kuliko kama majaji wangesema tu kwamba waziri ndiye ajuaye.

Lakini kesi hiyo ina upande mwingine unaonikereketa zaidi, na sijauona ukijadiliwa. Sheria ileile ya 2007 inamtaka waziri aweke sera za kuwatafutia wakulima wa tumbaku njia nyingine za kujipatia riziki. Kwa mkulima wa Kuria, ambaye huchoma kuni usiku kucha akikausha majani na ambaye watoto wake huja shuleni wakinuka moshi, hicho ndicho kifungu chenye maana. Katika miaka ya karibuni mashirika ya Umoja wa Mataifa yalianzisha hapa Migori mpango wa kuwahamisha wakulima kutoka tumbaku hadi maharagwe yenye madini ya chuma, na ni jambo la kupongezwa. Ila kesi iliyopanda ngazi zote tatu hadi Mahakama ya Juu haikuwa juu ya kifungu cha mkulima. Ilikuwa juu ya asilimia 2 za kampuni.

Hapo ndipo penye dosari kubwa. Haki ya kuipeleka ofisi mahakamani imeandikwa kwa ajili ya kila mtu, lakini aghalabu huifikia kwanza mwenye uwezo wa kuwalipa mawakili kwa karibu miaka mitano. Sheria ya 2015 inataka maombi ya namna hii yaamuliwe katika muda wa siku 90. Kati ya mwandiko huo na uhalisi wa mahakama zetu kuna umbali ambao kila aliyewahi kusubiri tarehe ya kesi anaujua.

Na ushindi wenyewe si mwisho wa safari. Tuwarudie wanagenzi. Hukumu ya Aprili 2024 ilitoka zaidi ya mwaka mmoja tangu wa kwanza waanze kufundisha. Utekelezaji wake uliahirishwa kwa miezi kadhaa, na TSC ikakata rufaa. Muhula wa pili wa 2024 ulipofunguliwa, walimu hao waligoma. Walioandikwa mwanzo, takriban 46,000, walipata ajira ya kudumu Januari 2025, baada ya Bunge kutenga fedha. Wakati huohuo tume ilikuwa imetangaza nafasi nyingine 20,000 za uanagenzi. Jaji alikuwa amesema neno hilo halimo katika sheria. Tangazo likatoka, neno likiwa limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa.

Yawezekana mawakili wa tume wana jibu la kisheria kwa hilo, kwamba rufaa ni haki na kwamba amri iliyoahirishwa haifungi. Sawa. Lakini mwanafunzi wetu wa uraia, anayefundishwa kwamba hukumu za mahakama hutiiwa, amesimama mbele ya mwalimu mwenye mkataba wa aina hiyohiyo iliyosemwa kuwa haramu. Amfundishe nini mwalimu huyo bila kuona haya?

Baadhi ya wenzetu wamekata tamaa, wakasema kwamba sheria ni ya wakubwa. Siwaungi mkono. Sheria ya 2015 ina kifungu ambacho mwalimu wa kawaida hakitumii, ingawa hakigharimu chochote. Ni kifungu cha 6. Mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma, uwe ni wa uhamisho, wa kunyimwa cheo, wa kuondolewa katika orodha ya malipo, au wa kuzuiliwa cheti, ana haki ya kuiandikia ofisi hiyo akitaka apewe sababu kwa maandishi. Ofisi ina miezi mitatu ya kujibu. Isipojibu, na jambo likafika mahakamani, jaji atachukulia kwamba uamuzi ulifanywa bila sababu nzuri, mpaka ofisi ithibitishe vingine.

Tazama nguvu ya jambo hilo. Ofisi inayolazimika kuandika sababu hulazimika pia kutaja kifungu inachokitegemea na namna ilivyokisoma. Tafsiri iliyokuwa imejificha katika simu ya afisa, au katika maneno “ndivyo ilivyoamriwa kutoka juu”, inatoka nje ikae juu ya karatasi. Ikishakaa hapo, chama cha walimu kinaweza kuipima, wakili wa kujitolea anaweza kuipima, na jaji wa Mahakama Kuu ya Migori au ya Homa Bay anaweza kuipima. Mahakama pia hutaka kwanza mlalamishi awe amezitumia njia za rufaa zilizomo ndani ya ofisi yenyewe, kwa hiyo barua hiyo na majibu yake ndiyo mwanzo wa faili.

Vyama vyetu vya walimu, ambavyo hukata ada kila mwezi bila kukosa, vingefanya jambo la maana vikichapisha mfano wa barua ya namna hiyo na kuubandika katika kila chumba cha walimu, kando ya ratiba ya vipindi. Walimu wa uraia nao wangeweza kuwapa wanafunzi zoezi la kuiandika: wachukue uamuzi mmoja wa ofisi yoyote ya umma katika kaunti, wataje sheria inayohusika, na waulize neno gani katika sheria hiyo limeipa ofisi ruhusa. Barua yenyewe haihitaji wakili wala nauli ya basi la usiku kwenda Nairobi. Inahitaji tarehe, sahihi, nakala moja ya kuhifadhi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na mtu wa kuhesabu ile miezi mitatu.